Matuta ya Mkono wa Kushoto

Mzinga, Morogoro
9 Februari 1916

Kwa Yuliana binti Mwinjuma, mtoto wa masista, Matombo.

Salamu nyingi, zikizidi mgawie paka wa misheni. Mimi mzima, na uzuri wangu unaongezeka kila kukicha, ungekuwa karibu ungekiri mwenyewe. Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Mwalimu wa shule ya boma alinifukuza kabla hajanifikisha kwenye herufi kubwa, lakini ndogo zote ninazo, na ndizo zinazotumika zaidi.

Sasa sikiliza. Bibi yetu Chausiku amenitoa mjini kwa fimbo. Alinikuta stesheni nabeba mizigo ya watu, akasema, "Mume wangu we, unazurura huku na kipande cha mjomba wako kinaota majani! Tangu Wadachi wamchukue Mwinjuma kwenye upagazi wa vita, hakuna aliyekitia jembe. Unamngoja nani, ngedere waje wakulimie?" Nikasema, "Mke wangu, ngedere wana bidii kuliko mimi." Fimbo ikajibu.

Basi niko bondeni Mzinga, kwenye vile vipande ambavyo boma limewagawia watu walime kabichi na viazi vya ulaya vya hospitali ya askari, kinachobaki ni cha mwenye kipande. Cha baba yako ndicho cha juu kabisa, kinagusana na msitu. Nyapara wetu ni Maneno, na kazi yake ni jina lake. Kasema kipande kitakachokutwa na masika hakina matuta kitapewa mtu mwingine, na mama yako Mwanaheri atafute pengine pa kula. Ndipo nikaona hapa anatakiwa shujaa.

Nimefyeka magugu. Nimebeba samadi ya mbuzi kichwani, mimi, mtu wa stesheni! Nimezibua mfereji wa mianzi, nimemwaga mbegu za kabichi kitaluni na kuzifunika kwa majani ya migomba. Wanyama nao wananisalimia kila mmoja kwa tabia yake. Fuko ananitoboa chini, nungunungu ananichimbulia viazi, hondohondo anapita juu akicheka, ngedere wamepanga mstari kwenye jiwe wananitazama kama wakubwa wa boma wanaokagua gwaride.

Ila kuna jambo. Jioni moja niliacha matuta yangu machache, yamepinda kama mkia wa mbwa. Asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, nikakuta mbele ya yangu yamepangwa mengine, yamenyooka, udongo mbichi kabisa. Nyapara akaja akasema, "Kumbe we kijana unajua!" Nikamjibu, "Hujaona kitu." Kesho yake tena. Na nguruwe pori, Yuliana, wamevuruga vipande vya majirani wote, lakini kwetu nyayo zao zinafika ukingoni, halafu zinageuka. Majirani wanasema nina dawa. Nikawaambia ninayo, wanipikie kwanza.

Usimwambie mtu. Sina dawa yoyote. Na yale matuta siyo yangu.

Ni mimi binamu yako,
Kibwana, bingwa wa jembe


Matombo
17 Februari 1916

Kwa Kibwana, bingwa wa jembe la watu wengine.

Salamu. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikakaa chini.

Nijibu hili bila mzaha. Udongo wa matuta hayo umelalia upande gani? Mtu wa mkono wa kulia akipandisha tuta, udongo unalala kulia kwake. Baba anashika jembe kwa mkono wa kushoto. Tangu nikiwa mdogo niliweza kuyatambua matuta yake toka ng'ambo ya mto, kwa sababu yanalala kinyume na ya watu wote. Tazama, kisha uniambie.

Nina sababu ya kuuliza. Amerudi hapa Matombo mpagazi mmoja, Petro, amevimba miguu, amefunguliwa kwa ugonjwa. Alikuwa msafara mmoja na baba, njia ya Handeni. Anasema asubuhi moja walikuta mzigo wa baba umekaa vizuri chini ya mti, mwenyewe hayupo. Wengine walisema simba, wengine walisema ametoroka. Petro hajui. Mimi nasema yu hai, na nitasema hivyo mpaka nione kaburi.

Sasa kuna neno moja nataka ulishike kuliko yote. Habari ya Petro itafika kwenu, na ukoo utataka kuketi matanga. Wewe ndiwe mtoto wa dada yake, kwa hiyo jina lake litakuja kwako, si kwangu. Unajua desturi: mtu akifia mbali, hushikwa jembe lake, jina lake likaitwa juu ya shamba lake, na anayeitika ndiye amelichukua. Na akishalichukua, mwenyewe amekufa hata kama yuko njiani anarudi na mwavuli mkononi. Kibwana, ndugu yangu, Bibi akiita jina la baba, nyamaza. Jing'ate ulimi. Najua kunyamaza hakukupendi, lakini mara hii moja tu. Asipopatikana wa kuitika, baba hajafa.

Mimi,
Yuliana

Herufi kubwa ya jina lako huandikwa hivi: K. Jifunze.


Mzinga
26 Februari 1916

Yuliana,

Barua yako imefika juzi. Ingetangulia hata kwa siku mbili tu! Wabebaji wa barua wa siku hizi wanatembea kama konokono wa misheni.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Nyapara Maneno alikuja na askari wawili wenye bunduki. Kumbe habari ya Handeni ilishafika boma. Akasema mbele ya watu wote, "Mwinjuma ametoroka kazi ya serikali. Kesho asubuhi tunamchukua mkewe, atafungwa mnyororo mpaka mume ajilete." Mama yako alikuwa anamwagilia kitalu, kibuyu kikamwanguka. Bibi alikuwa amechutama anapalilia, akaendelea kupalilia.

Asubuhi walirudi na mnyororo. Mimi nilikuwa katikati ya shamba, na ukungu ulikuwa mzito hata ngedere sikuwaona, nawasikia tu. Nimevaa ile kofia kuukuu ya ukindu ya mjomba niliyoiokota kwenye dungu la kulindia shamba, maana inanipendeza. Mara namsikia Bibi kule juu, mwisho wa matuta, anaita, "Mwinjuma eee!" Nikadhani ananitania kwa ajili ya ile kofia. Si unamjua? Tangu nazaliwa mimi ni mume wake, kila siku ananipa jina jipya. Akaita tena, "Mwinjuma eee!" Msitu mzima ukawa kimya, hata ndege. Mara ya tatu sauti ikamkatika katikati. Nami nikaona nimfurahishe bibi kizee wa watu. Nikaitika kwa sauti nene, "Labeka, mke wangu! Chakula kipo?"

Hakuna aliyecheka.

Akaja kwangu ameshika jembe la mjomba kwa mikono miwili, akanikabidhi, akasema, "Basi amefika." Hapo wanawake wakapiga kilio, mama yako kuliko wote, akajitupa chini matutani. Walikata shina la mgomba, wakalivika sanda, wakalizika pale juu mpakani mwa msitu. Nyapara alivua kofia. Askari wakatazamana, wakakunja mnyororo wao, wakaenda zao. Maiti hatafutwi, wala mjane hafungwi mnyororo.

Sasa mimi ni Mwinjuma. Wanaume wenye mvi wananiamkia shikamoo, na nikijibu "salama" kama nilivyozoea stesheni, wananitazama kama nimetukana. Mama yako ananiletea maji kwa magoti, kisha anageuza uso. Kwa jina la Kibwana haniiti mtu tena.

Umeuliza udongo unalala upande gani. Kushoto. Na asubuhi baada ya mazishi nilikuta tuta jipya, limeanzia pale tulipozika mgomba likashuka mpaka kwenye dungu langu. Huko msituni nasikia mtu anakohoa. Nikienda, hakuna.

Nasema kweli, Yuliana, hapa mzaha umeniisha, na ulikuwa ndio mtaji wangu wote.

Mimi niliyekuwa
Kibwana


Matombo
4 Machi 1916

Kwa wewe,

Nilikuomba jambo moja. Sikukuomba ulime, sikukuomba uwe hodari. Nilikuomba kunyamaza. Usiniambie barua ilichelewa. Mtu mwenye akili haitiki jina la mtu aliyeko vitani, barua iwepo isiwepo.

Mama hakufungwa, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini umemuua baba yangu kwa mdomo, na ukaagiza na chakula juu yake.

Huyo anayelima alfajiri namjua. Amekuja nyumbani akakuta nafasi yake imekaliwa. Anahangaika kwenye kitu pekee anachokitambua, yale matuta yake. Uyatazame kila asubuhi.

Nasikia desturi inataka nikuite baba. Usingoje. Wala usiniandikie tena.

Yuliana binti Mwinjuma
(yule wa kwanza)


Mzinga
12 Machi 1916

Yuliana,

Najua umekataza. Barua hii sikuipitisha misheni wala boma, anakuletea Paskalia muuza ndizi, amenishikia kiapo kwa Mama Maria, nami nimemshikia kwa Korani, kwa hiyo tumemzunguka shetani pande mbili. Isome ukiwa peke yako, kisha iweke jikoni chini ya chungu, iungue yote.

Kwanza kabisa: baba yako yu hai.

Soma tena, najua umerudia.

Nilichoka kuogopa, ndiyo sababu. Mtu mwenye sifa kama zangu hawezi kukimbizwa na jembe. Nikapanda dungu mapema, kurumbiza hajaanza kuimba, nikajifunika gunia. Kulipoanza kupauka, ukungu ukasogea kidogo nikaona mtu ameinama kwenye matuta. Amevaa mfuko wa katani uliotobolewa kwa shingo na mikono. Analima, kushoto, kushoto, bila kupumzika. Nikaita, "Mjomba?" Jembe likasimama. Nikaita, "Mwinjuma!"

Hakugeuka. Akasema, "Usiniite hivyo. Hilo umelichukua."

Yuliana, nimeogopa mengi mwaka huu, lakini hakuna lililonitisha kama sauti ile, kwa sababu haikuwa na hasira hata kidogo.

Alitoroka njia ya Handeni kwa sababu waliokuwa wakianguka walikuwa wanaachwa njiani. Alitembea porini mpaka hapa, akijificha juu msituni kwetu, kwenye pango. Nguruwe hawaingii kwa sababu yeye analala ukingoni, wanasikia harufu ya moshi wake. Alikuwa analima ili mama yako asinyang'anywe kipande, na mimi nikala sifa. Bibi alijua tangu mwanzo. Kila akienda "kutafuta kuni" alimwachia ugali kwenye mizizi ya mkuyu. Na lile kuita aliliita makusudi, Yuliana. Alichagua mwenyewe: mwanawe afe kwa jina, au afe kwa risasi na mkwewe afe kwa mnyororo. Bibi hakumwambia mama yako, maana kilio cha kuigiza askari angekijua.

Nikamwomba mjomba msamaha. Akacheka kidogo, yale meno yake yametoka mengine. Akasema, "Siku ile nilikuwa pale nyuma ya miti. Nikamsikia mama yangu ananiita, mara ya kwanza, mara ya pili. Ya tatu mdomo wangu ukafunguka wenyewe, mtoto hawezi kumwacha mama anaita. Wewe ukawahi. Ningeitika mimi, ningepigwa risasi hapo hapo. Umeitika vizuri."

Basi mimi ni shujaa kweli, na sina wa kumtambia.

Bibi amesema hivi: vita vikiisha, yeye aliyeita ndiye atakayerudisha. Atashika jembe lile lile, amwite mwenyewe mara tatu mbele ya watu, naye aitike, nami nitarudi kuwa Kibwana, mzururaji wa stesheni. Mdomo ulioita ndio unaoweza kuita tena. Kwa hiyo tunangoja tu.

Jambo moja linanisumbua. Anasema tangu wazike ule mgomba, usingizini akisikia watu wanaita jina lake, anatazama, anakuta wananiita mimi. Na siku hizi akiamka hukaa kwanza, akumbuke yeye ni nani. Nikamwambia ni njaa hiyo, nikampa viazi. Akala. Lakini alinitazama kama mgeni anayemtazama mwenye nyumba.

Mvua za kwanza zimeonja. Kumbikumbi wametoka mchana kutwa, watoto wamevimba matumbo kwa kuwala. Kabichi nimezihamisha zote kutoka kitaluni, na nyapara hana la kusema.

Choma hii.

Kibwana (kwako wewe tu)


Matombo
21 Machi 1916

Kwa mpendwa baba yangu Mwinjuma, bondeni Mzinga.

Shikamoo, baba.

Nimekukosea kwa barua yangu iliyopita, nilikuwa katika majonzi. Sista amesema nikuandikie kwa heshima, na barua hii ameisoma, na amefurahi.

Hapa tumemsomea marehemu misa ya wafu. Nililia sana, hata Yohana mpiga kengele akaniletea maji. Kulia hakukunishinda. Nilimkumbuka mtu mwenye baridi, mwenye njaa, aliyeko mahali pasipo moto mzuri, nikalia kweli.

Paskalia anakuletea chumvi, blanketi kuukuu, na mbegu za maharage. Mbegu ni zako wewe. Chumvi na blanketi wape maskini walio karibu nawe, kama dini zote zinavyotuagiza.

Mwangalie sana Bibi Chausiku. Asitoke kwenye mvua. Mpe yeye kwanza kabla ya kula wewe. Nakuomba hilo kama nilivyokuomba lile, na mara hii barua haijachelewa.

Mwanao,
Yuliana


Mzinga
19 Septemba 1916

Yuliana,

Sasa naweza kuandika bila kumpa Paskalia kiapo. Wadachi wamehama, umesikia milio. Walipoondoka waliwasha moto maghala, wakazoa kabichi zote mpaka zilizoliwa na fuko. Nyapara Maneno naye ametoweka. Waingereza wamelala boma, nao wanataka kabichi.

Bibi hatukuwa naye siku hiyo. Habari uliipata, uliandika pole, nami sikuweza kujibu. Homa ilimchukua mwezi wa saba, na chakula kilikuwa kimechukuliwa na majeshi. Nilimpa yeye kwanza, Yuliana. Nakuapia. Alikuwa akikipokea, anakificha kwenye upindo wa nguo, anampelekea wa msituni. Siku ya mwisho alitaka tumbebe shambani akaite. Askari walikuwa wamepiga hema pale pale kwenye matuta. Akafa anangoja waondoke.

Basi walipoondoka mjomba alishuka. Alishuka mchana kweupe, kwa njia kubwa, amejifunga blanketi lako. Watu walikuwa wanasafisha vipande. Mmoja akamwona, akanyamaza. Halafu wa pili. Bonde zima likanyamaza, kila mtu akampa mgongo akaendelea kulima, kwa haraka, kama mtu anayesikia mvua nyuma yake. Alisalimia, hakuna aliyeitikia. Watoto waliopiga naye soga zamani walikimbia. Alipita katikati yao mpaka kwetu, akasimama ukingoni, pale pale ambapo nguruwe walikuwa wanageukia.

Mama yako alitoka. Akamtazama. Akashika mkono wake wa kushoto, akaugeuza, akaupapasa sugu moja moja, kisha akauweka kichwani kwake akabaki hivyo. Lakini hakumwita. Alifungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga.

Nikaenda kwa ukoo. Nikawaambia yote, pango, Bibi, ugali, yote. Waliniamini, Yuliana, hilo ndilo baya zaidi. Walisema, "Tunajua. Lakini mdomo ulioita uko ardhini. Akiitwa na mwingine, majina yatakuwa mawili juu ya jembe moja, na mmoja wenu hataona masika." Nikabishana nao, unanijua. Nikawaita wazee wa makapi. Hawakukasirika, kwa sababu kwao mimi ni mjomba wao Mwinjuma, nina haki ya kuwatukana.

Mwishoni nikasema, "Basi kuna jina moja liko wazi. Kibwana. Halina mtu ndani tangu Februari. Mpeni." Walikubali upesi, kama watu walioonyeshwa mlango nyumba inaungua. Niliita mimi mwenyewe, juu ya jembe lile. Nilitaka kumwachia nafasi asite, hata kidogo tu. Akaitika mara ya kwanza.

Sasa majirani wanamsalimia. Wanamtania: "We Kibwana, lini utarudi stesheni?" Anacheka. Analima upande wake, mimi upande wangu, na matuta yetu yanatazamana. Asubuhi ananiamkia shikamoo. Mjomba wangu. Ninaitika marahaba. Jana nilimsikia anamwambia mtu kwamba shule ya boma walimfukuza kabla ya herufi kubwa. Sikujua kama anatania.

Anataka kuja Matombo kukuona. Kuandika hajui, kwa hiyo yanayofuata ni maneno yake. Mkono ni wangu, mdomo ni wake.

Yuliana, salamu. Blanketi nimelipata, chumvi niliila yote bila kuimaliza haraka. Mimi ni mzima. Vuli ikikaribia nitavuka mlima nije, nikuone ulivyokua. Ukiniona getini usikimbie wala usilie. Sista akikuuliza mimi ni nani, mwambie ni mtoto wa shangazi yako, nimetumwa na baba yako Mwinjuma kukuletea kabichi. Mbele za watu nitakuita binamu. Nimejifunza kulitamka shambani, nikiwa nalima, mpaka sasa linatoka bila kukwama. Wewe nawe jifunze. Halafu tukipata mahali pasipo mtu, hata kwa muda wa kumenya ndizi moja, uniite lile lingine.

Mimi,
Kibwana